Kondoo wa tani moja: jibu kuhusu kukadiria uzito kwa futi ya fundi cherehani

Swali: "Shikamoo bwana mifugo. Mimi ni mfugaji kijana wa Simanjiro. Nina kondoo wapatao sitini, wengi ni wekundu wa Kimasai na wachache nimewachanganya na Dorper, kondoo wa nyama. Mizani sina. Mnadani dalali anamshika kondoo kiunoni, anataja bei, nami sina la kumjibu. Dukani nikinunua dawa ya minyoo naambiwa inapimwa kwa kilo, basi nakisia. Nimesikia kuna kanuni: pima mzunguko wa kifua, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili, kisha gawa kwa 300. Nimejaribu kwa jike mmoja, kifua 76, urefu 64, nikapata 1,232. Kondoo wa kilo elfu moja na zaidi! Nimekosea wapi, na je, njia hii inaaminika?"

Marahaba, kijana wangu. Hesabu umeipiga sawasawa na kanuni uliyosikia ipo kweli. Kilichokuponza ni kuchanganya vipimo. Ile 300 ni ya watu wanaopima kwa inchi na kutaka jibu kwa ratili, na ratili moja haifiki hata nusu kilo. Wewe umepima kwa sentimita. Anayepima kwa sentimita na kutaka jibu kwa kilo agawe kwa 10,840. Turudie jike wako: 76 mara 76 ni 5,776, mara 64 ni 369,664, gawa kwa 10,840, unapata kilo 34. Huyo sasa ni kondoo. Jike mwekundu wa Kimasai aliyekomaa mara nyingi huwa kati ya kilo 25 na 35, kwa hiyo wako ama amenona, ama ana damu ya Dorper.

Ungeweza kuishia hapa ukaenda zako na kanuni yako. Nakuomba usiende bado, maana hiyo 10,840 nayo si msahafu.

Tuone imetoka wapi. Mfikirie kondoo kama pipa lililolazwa. Kwa hesabu za shule, ukizidisha mzunguko wa pipa kwa wenyewe, kisha kwa urefu, ukagawa kwa 12.57 (yaani pai mara nne), unapata ujazo wake. Nyama, mifupa na damu kwa pamoja havipishani sana na maji kwa uzito, na sentimita za ujazo 1,000 za maji ni kilo moja. Kwa hiyo pipa lenye mzunguko wa 76 na urefu wa 64 lingekuwa na kilo 29 na ushee. Kanuni lakini inasema 34. Hizo kilo nne na nusu hivi za nyongeza ni za shingo, kichwa, miguu na mkia, vitu ambavyo futi yako haikuvigusa. Kugawa kwa 10,840 badala ya 12,570 (ile 12.57 mara 1,000) ni namna ya kusema: kadiria pipa, halafu ongeza kidogo kwa ajili ya vilivyo nje ya pipa.

Ukishaelewa hilo, unaweza kubashiri mwenyewe mahali kanuni itakapokudanganya. Kondoo mwenye mkia wa mafuta ulionona amebeba uzito ambao haupo kifuani. Mwanakondoo ni miguu na kichwa, pipa lake dogo. Jike mwenye mimba kubwa amejaa nyuma, huku kifua chake ni kile kile cha miezi mitatu iliyopita. Na kuna jambo jingine la kukutia shaka: 300 hiyo hiyo ndiyo watu huitumia kwa ng'ombe na kwa mbuzi. Namba moja haiwezi kuwatosha wanyama watatu wenye maumbo yasiyofanana. Ni ya kuanzia tu.

Kabla ya kuirekebisha, lazima kwanza upime vizuri, kwa sababu futi ikizungushwa ovyo hakuna kanuni itakayoiokoa.

Pima asubuhi, kundi likiwa bado zizini, kabla ya malisho na kabla ya maji. Kondoo aliyeshinda na kiu akifika kisimani anaweza kunywa lita tatu nne kwa mkupuo, na kila lita ni kilo moja. Mizani itaziona kilo hizo zote. Futi ya kifua karibu haitaziona. Vivyo hivyo kondoo wa kilo 34 jioni, tumbo likiwa limejaa majani, akilala bila kula wala kunywa huamka na kilo 32 hivi. Hajakonda. Amekunya na kukojoa. Ukipima leo asubuhi na mwezi ujao jioni, utadhani amenenepa kumbe ameshiba.

Msaidizi amshike chini ya taya, kichwa kiwe usawa wa mgongo, miguu minne imesimama sawa kwenye ardhi tambarare. Akiinamisha kichwa mabega husogea na mzunguko hubadilika. Akiwa anahema kwa kukimbizwa, mwache kwanza atulie. Pitisha futi kwapani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ipande wima hadi nyuma kidogo ya mabega. Nasema wima kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu: chini futi iko kwapani, juu imeteleza hadi katikati ya mgongo, na mshazari huo unaleta sentimita za bure. Ikaze hadi ilaze manyoya bila kuzama kwenye ngozi. Soma anapotoa pumzi. Ilegeze, izungushe upya, soma tena. Fanya hivyo mara tatu, uchukue namba ya katikati. Zikipishana zaidi ya sentimita mbili, ama kondoo hajatulia ama wewe hujatulia.

Urefu ndio wenye fitina. Watu hupima kutoka shingoni hadi mkiani kwa kufuata uti wa mgongo, nao wanapata namba kubwa inayobadilika kila kondoo anapogeuza shingo. Papasa mbele ya bega: kuna kifundo cha mfupa kinachotokeza pale bega linapokutana na kifua. Halafu papasa nyuma, chini kando ya mkia, utakuta mfupa wa kalio. Urefu tunaoutaka ni kati ya mifupa hiyo miwili, kwa mstari ulionyooka, bila futi kubonyea na ubavu. Mimi hutumia fimbo iliyonyooka: naiweka ubavuni, naweka kidole penye kila mfupa, halafu naipima fimbo chini bila haraka. Kondoo keshaachiwa.

Na futi yenyewe ikague. Za kitambaa zikizeeka hunyumbuka. Ilaze sambamba na rula ya shule au futi ya chuma ya seremala. Ikipishana hata sentimita moja, nunua nyingine.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza kifua kuliko urefu, rudi kwa jike wako. Ukikosea urefu kwa sentimita mbili, ukaandika 66 badala ya 64, jibu linapanda kwa kilo moja na kidogo. Ukikosea kifua kwa sentimita hizo hizo mbili, ukaandika 78, jibu linapanda kwa kilo karibu mbili, kwa kuwa kifua kinazidishwa mara mbili. Kwa kondoo wa ukubwa huo, kila sentimita ya kifua ni karibu kilo moja. Ndiyo maana ukilazimika kuchagua kipimo kimoja tu, chagua kifua. Watafiti wengi waliopima kondoo wa nchi mbalimbali wamefikia hapo hapo: katika vipimo vyote vya mwili, mzunguko wa kifua ndio unaokaribiana zaidi na uzito. Urefu unaongeza usahihi kidogo, na kimo kinaongeza pungufu ya hapo.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka uweke nguvu zako. Tengeneza namba yako ya kugawia, ya kondoo wako.

Azima mizani kwa asubuhi moja. Ile ya kuning'iniza, ambayo wanunuzi wa mazao huitumia magulioni, inafaa kabisa; ukiweza kununua ndogo ya kidijitali yenye ndoano, bei yake haifiki ya kondoo mmoja. Kwanza ihakiki: maji lita 20 yaliyopimwa kwa chupa ya lita moja yana kilo 20, ongeza uzito wa dumu tupu. Chukua gunia, litoboe matundu manne ya miguu, shona kamba imara pande mbili, ning'iniza kwenye tawi au kwenye boriti. Kondoo akiinuliwa miguu yote ikawa hewani, hutulia kuliko unavyotarajia. Toa uzito wa gunia.

Pima hivyo kondoo ishirini au thelathini, wadogo kwa wakubwa, wembamba kwa walionona, usichague wazuri tu. Kwa kila mmoja andika kifua, urefu na kilo halisi. Kisha fanya hesabu kinyumenyume: kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa kilo. Tuseme mmoja ana kifua 70, urefu 60, na mizani inasema kilo 26. Hapo ni 294,000 gawa kwa 26, yaani karibu 11,310. Wa pili kifua 76, urefu 64, kilo 33: unapata 11,200. Wa tatu kifua 82, urefu 68, kilo 41: unapata 11,150. Wastani wa hao watatu ni kama 11,220. Ukifanya hivyo kwa wote ishirini, wastani utakaopata ndio namba ya zizi lako, nayo itakufaa kuliko 10,840 ya watu nisiowajua wala wasiokujua.

Halafu ijaribu kwa watano ambao hukuwahesabu mwanzoni: pima kwa futi, andika jibu, ndipo uwaweke kwenye mizani. Ikikosea kwa kilo mbili tatu kwa kondoo wa kilo 30, umefanya vizuri na usitegemee zaidi ya hapo. Ikikosea kwa kilo sita, rudi uangalie mkono wako unavyoshika futi kabla ya kulaumu hesabu.

Chotara wako wa Dorper wape ukurasa wao. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini kwa kupandisha Dorset Horn wa Uingereza na kondoo wa kichwa cheusi, yule anayeitwa wa Kiajemi ingawa asili yake ni Usomalini. Alikusudiwa nyama, na nyama yake nyingi iko mapajani na kiunoni, ambako futi ya kifua haifiki. Ukiwachanganya na wekundu kwenye wastani mmoja, utawapunja chotara na kuwazidishia wekundu. Na kwa kuwa umegusa habari ya kuchanganya: usishawishike kubadili kundi zima kwa sababu namba za chotara ni kubwa. Utafiti uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990, ulionyesha wekundu wa Kimasai wakiwazidi Dorper mahali penye unyevu na minyoo mingi, kwa sababu wana kinga ya asili dhidi ya mnyoo anayefyonza damu tumboni. Simanjiro ni kukavu na hali si ile ile, lakini mwaka wa mvua nyingi huwa unakuja.

Mwenye kondoo wa sufu, kama wale wa Corriedale na Merino wa nyanda za juu za Kenya, ana tatizo ambalo wewe huna. Sufu ikibaki na unene wa sentimita moja tu chini ya futi baada ya kukazwa, mzunguko unaongezeka kwa sentimita sita na robo. Kwa kondoo kama jike wako hiyo ni kilo tano sita za sufu tupu. Wao hupima mara baada ya kukata sufu, au hutenganisha sufu kwa vidole futi ipite karibu na ngozi.

Sasa dawa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa zaidi ya kujua uzito, kuliko mnada.

Mfugaji anayekisia kwa kawaida hukisia chini, tena chupa ikiwa inakaribia kuisha hukisia chini zaidi. Dawa pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha wagumu wazaliane. Baada ya misimu michache utasikia watu wakilalamika dawa za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini nyingi minyoo imezizoea kwa sababu ya kijiko kidogo.

Soma kibandiko, kwa sababu jina moja lina nguvu tofauti. Albendazoli ya asilimia 10, kwa kiwango cha miligramu 5 kwa kilo kinachotumika kwa minyoo ya tumbo ya kondoo, ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Ya asilimia 2.5 ni mililita 1 kwa kila kilo 5. Jike wako wa kilo 34 atakunywa mililita 1.7 ya ile ya kwanza au 6.8 ya ile ya pili. Anayebadilisha chupa bila kubadilisha kipimo amekosea mara nne, na kosa la namna hiyo ni kubwa kuliko kosa lolote la futi. Kwa minyoo bapa ya ini kiwango ni kikubwa zaidi; fuata kibandiko. Na albendazoli usimpe jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba.

Albendazoli ina nafasi ya kuvumilia ukizidisha kidogo, kwa hiyo hapo napendekeza uwagawe kondoo katika makundi ya uzito unaokaribiana, wadogo, wa kati, wakubwa, na kila kundi ulinyweshe kwa uzito wa aliye mzito zaidi ndani yake. Futi inakutosha kabisa kwa kazi hiyo. Levamisoli haina uvumilivu huo: ukizidisha sana kondoo hutokwa mate, hutetemeka na anaweza kufa. Klosanteli ikizidishwa inaweza kumpofusha. Kwa dawa hizo mbili mpime kila mmoja peke yake, na ukiwa na mashaka tumia mizani. Sindano ya ivamektini ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50, kwa hiyo jike wako ni karibu 0.7, tumia sirinji ndogo, maana kwenye ile ya mililita 10 huwezi kuiona 0.7 sawasawa.

Na si lazima kila kondoo anywe. Fungua kope la chini, tazama rangi ya ndani: nyekundu, mwache, iliyopauka kuelekea weupe, mnyweshe. Kuna kadi ya rangi iliyobuniwa Afrika Kusini, FAMACHA, yenye ngazi tano za kulinganishia, hasa kwa mnyoo huyo anayefyonza damu. Kope linakwambia nani anywe, futi inakwambia anywe kiasi gani.

Turudi kwa dalali wako. Kumshika kondoo kiunoni si mazingaombwe, wala si dharau. Anapima unono, na wewe unaweza kujifunza asubuhi moja. Weka kiganja mgongoni, nyuma ya ubavu wa mwisho. Kuna vifupa vinavyochomoza juu na vingine vinavyotokeza pembeni. Vidole vikiingia kirahisi chini ya vile vya pembeni, ukaweza kuvihesabu kimoja kimoja, kondoo amekonda: mpe alama 1 au 2. Ikibidi ubonyeze ndipo uvihisi, navyo ni vya mviringo, ni 3. Ukibonyeza usivipate, ni 4 au 5. Kisha dalali hushika mkia na kuupima mkononi. Kwa hayo mawili na macho ya miaka mingi, wazoefu hukaribia sana uzito wa nyama. Tatizo si kwamba hajui. Ni kwamba anajua peke yake.

Mchinjaji hanunui kilo za kondoo mzima, ananunua nyama iliyo kwenye mfupa. Chukua jike wako, aliyelala njaa, kilo 32. Akiwa amekonda utapata kama asilimia 40 ya nyama, yaani kilo 13 hivi. Akiwa wa kati, asilimia 45, kilo 14 na nusu. Akiwa amenona vizuri anaweza kukaribia nusu, kilo 16. Kondoo wale wale wa kilo 32, na kuna kilo tatu za nyama kati yao. Ndiyo maana futi peke yake haikupi bei. Futi na kiganja pamoja vinakupa. Zidisha kilo za nyama kwa bei ya jumla ya bucha ya wiki hiyo, toa ushuru, usafiri na faida ya mchinjaji, na kumbuka kwamba kichwa, miguu, utumbo na ngozi navyo ana pa kuviuza. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo mnadani, ukiwa umeiandika nyumbani na si pale vumbini huku watu wanakuvuta shati.

Usiseme kilo 34 kamili. Sema kati ya 31 na 36, na bei yako ya mwisho iweke kwenye ile ya chini. Palipo na mizani inayofanya kazi, iwe kwenye mnada wa Pugu, Dar es Salaam, au kwingineko, acha mizani iseme. Futi yako itakuwa imekusaidia kujua kama mizani yenyewe inasema kweli. Na wiki za kuelekea Idd el-Hajj funga daftari kabisa. Dume mwenye umbo zuri, mzima, asiye na kilema, hununuliwa kwa kutazamwa, na kilo hazimhusu tena mtu.

Wenye mimba waandike pembeni. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, na katika mwezi wa mwisho mtoto, maji na kondo vinaweza kufika kilo tano au zaidi, zote nje ya futi. Kwa dawa, wahesabu kwa uzito wa kifua tu na usihangaike zaidi. Wanakondoo wachanga usiwapime kwa futi kabisa. Panda na mtoto mikononi kwenye mizani ya kukanyaga, soma, mweke chini, soma tena, toa. Njia hiyo inafaa hadi atakapokuwa mzito kumbeba, na ukiwapima kuzaliwa na tena wakiachishwa kunyonya miezi mitatu baadaye, utajua jike yupi ana maziwa na yupi anakula tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kondoo sitini hilo ni kweli tupu: baada ya mwaka hutakumbuka nani mama wa nani.

Umeniandikia wewe unayejua kuzidisha, lakini anayeshinda na kundi huenda ni mdogo wako asiye na kikokotozi. Mtengenezee mkanda. Kwa kuwa urefu wa kondoo wako ni kama asilimia 84 ya kifua, nimekupigia hesabu ya kifua peke yake: sentimita 60 ni kilo 17, 65 ni 21, 70 ni 27, 75 ni 33, 80 ni 40, na 85 ni 48. Hizo nimezitoa kwa 10,840, kwa hiyo ukipata namba yako zirekebishe kwanza. Chukua ukanda wa nailoni usionyumbuka, chora mistari ya wino usiofutika penye sentimita hizo, na pembeni ya kila mstari andika kilo. Wapo wanaoandika mililita za dawa moja kwa moja ili kurahisisha. Mimi sikushauri: siku chupa ya asilimia 2.5 ikiisha na ukanunua ya asilimia 10, mkanda wako unakuwa sumu. Andika kilo, na mililita zibaki kwenye kibandiko.

Futi ya uzito ya ng'ombe utakayoiona dukani iache kwa ng'ombe. Mbuzi unaweza kuwapima kwa njia hii hii, ila nao watafutie namba yao, kwani mbuzi ni mwembamba kifuani na hana mkia wa mafuta. Ukimaliza wale ishirini wa mwanzo, niandikie kifua, urefu na kilo za kila mmoja, chotara ukiwatenga, nikuangalizie kama kuna namba iliyokaa vibaya.